Zamu ya Mtani

Wajukuu wangu wana mashine ya michezo iliyounganishwa na televisheni, nami huicheza kuliko wao. Nasema wazi kwa sababu wakwe zangu wanalionea haya jambo hili: bibi mwenye miwani, kanga kiunoni, ameketi kwenye zulia anafyatua makombora. Michezo ya siku hizi nimeionja mingi. Ule wa kulima shamba na kufuga kuku sina haja nao, maana kuku nimefuga wa kweli na wamenitosha. Ule wa mpira wa miguu naucheza vizuri, ila hunichosha kwa makelele ya watazamaji ambao hawapo. Kuna mmoja wa hadithi ndefu, kijana anazunguka nchi nzima juu ya farasi kumtafuta aliyemuua baba yake. Niliucheza kwa hamu mpaka chakula kikawa kinaungua jikoni, na kule mwisho, baada ya taabu zote zile, eti akamsamehe. Niliizima mashine nikamwambia mjukuu asiniwekee tena upuuzi ule.

Kasoro nyingine ya michezo hii ni kwamba inakupa roho nyingi mno. Unakufa, unaamka palepale ulipofia, hakuna aliyekuona wala atakayekutania sokoni kesho yake. Mimi nilijifunza kucheza mahali ambapo ukifungwa, umefungwa, na mtaa mzima unajua kabla hujafika nyumbani.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wowote ule wenye vifaru viwili vya vita, kimoja changu na kimoja cha mtu ninayemjua. Sababu yake iko Tabora, miaka ile ya mwisho ya Ujamaa, na inahusu mfuko wa kete.

Tulikuwa tunakaa Kanyenye. Baba alikuwa fundi cherehani, amekaa barazani tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikawa namsaidia kupiga pindo na kutia vifungo. Bibi yangu, mama yake mama, aliishi nasi. Kwao kulikuwa upande wa Usoke, lakini watu walipohamishiwa kwenye vijiji alikataa kujenga upya uzeeni, akapanda treni akaja mjini. Ubao wake wa mchezo aliuacha kwenye nyumba iliyobomolewa. Alichokuja nacho mkononi ni mfuko wa kitambaa wenye komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu, laini kama jino, zinazoota pwani.

Komwe zile alizileta baba yake kwa miguu. Alikuwa mpagazi wa misafara, alishuka pwani na mzigo wa watu kichwani, na aliporudi Unyanyembe akawa na kete zake mwenyewe. Bibi alizicheza maisha yake yote. Alichimba mashimo uani kwetu, nyuma ya jiko, akanifundisha isolo, bao la kwetu, kwa maneno machache na makofi mengi ya mkononi. Moja ya kete ilikuwa na ufa, na hiyo aliishika mwisho kila mara, kana kwamba anaiuliza kitu kabla ya kuitupa shimoni. Mimi ndiye niliyekuwa nachezewa na kufungwa kila jioni, na nilijua bila kuambiwa kwamba siku moja kete zile zitakuwa zangu.

Sasa mtani. Kijana huyo alikuwa Mzaramo, amenizidi miaka miwili hivi, mtoto wa gadi wa treni, wakikaa kwenye kota za reli. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wakati huo wa misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mchumba wako, anaweza kukunyang'anya samaki sahanini, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika wazee wanakutoza kuku, na watu wanakucheka mara ya pili.

Alipita nyumbani karibu kila siku. Alimwamkia bibi vizuri, shikamoo yenye adabu zake zote, kisha huanza.

"Bibi, lini utanirudishia mali ya kwetu? Komwe hazioti Tabora. Baba yako alizichuma uani kwa babu yangu bila hodi."

"Njoo uzichukue nikishakufa," bibi humjibu, pua imejaa ugoro. "Nikiwa hai huniwezi."

Bibi alikufa mwanzo wa masika, kwa kifua. Uani kulijaa watu, wanaume barazani na nje, wanawake ndani, na jeneza lilikuwa bado halijatoka. Mtani akaingia amejifunga kanga ya bibi kichwani. Akachuchumaa penye mashimo ya isolo, akaamkia Kinyamwezi kwa sauti ya bibi hasa, "Mwangaluka," na ule mtetemo wake wa mwisho. Akavuta ugoro usiokuwepo, akapiga chafya, akanyoosha mkono unaotetemeka kuchukua kete, na moja akaificha kwenye mkono wa shati, kama bibi alivyokuwa akiiba alipoona anaelekea kushindwa. Watu walicheka. Mama yangu alicheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Hata imamu aligeuza uso ukutani mabega yakitikisika. Mimi tu ndiye sikucheka.

Kisha akasimama na mfuko. "Mwenyewe aliniruhusu. Zinarudi pwani."

Mama akampa kuku wa kuzikombolea, kama desturi inavyotaka. Akamtazama yule kuku mguu mpaka kichwa. "Kuku mmoja, tena mwenye upele, kwa mali ya ukoo mzima?" Wakacheka tena. Hapo ndipo niliposimama nikamwambia mbele ya wote kwamba asipoiweka mali ya bibi yangu chini nitamkata ule mkono kwa mkasi wa baba.

Mjomba wangu mkubwa akanivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimewatia aibu, mtu hamkasirikii mtani, tena msibani. Faini yangu ikawa kumpikia kuku yule yule mwenye upele, na mfuko ukabaki kwake. Nilimchinjisha, nikamnyonyoa, nikampika, nikampelekea mkekani kwetu, siku ya tatu ya msiba wa bibi yangu. Alikula taratibu, akasifia chumvi, akauliza kama kuna ndimu.

Nilikula yamini pale pale jikoni, nimeshika mwiko, kwamba nitamlipa. Sikujua kwa njia gani. Kupigana naye sikuweza, kumtukana kungenifungulia faini nyingine, na kwenye utani wa mdomo alikuwa mwepesi kuliko mimi. Nilichohitaji ni mahali ambapo kushinda ni kushinda na maneno hayamsaidii mtu.

Mahali hapo paliletwa na wageni kutoka Maskati. Jirani yetu, Mwarabu mwenye duka, alitembelewa na nduguze, wakamletea televisheni. Tanzania Bara nzima wakati ule haikuwa na stesheni ya televisheni hata moja, na mtaa ulicheka sana. Sisi tunapanga foleni ya sabuni, mwenzetu amejipatia kioo cha kutazama uso wake. Kisha wakafungua katoni ya pili, wakatoa kisanduku cheusi chenye waya mbili, kila waya na kijiti chake cha kushika na kitufe chekundu, pamoja na kaseti nene za plastiki. Kufikia Ijumaa hakuna kijana wa Kanyenye aliyekuwa bado anacheka.

Kaseti zilikuwa nne, na maoni yangu juu yake sijayabadilisha mpaka leo. Ya kwanza ilikuwa fito mbili na kitone kinachokwenda huku na huku. Ni kama kutazama watu wawili wanaosalimiana mlangoni na hakuna anayeingia ndani. Ya pili ilikuwa wadudu wanaoshuka kwa safu kutoka mbinguni, nawe unawapiga kutoka chini. Vijana waliupenda mno huu. Mimi niliuchukia, kwa sababu wale wadudu hawamaliziki na hawana kosa lolote walilonifanyia. Ya tatu ni chura anayevuka barabara yenye magari mengi. Kwa Tabora ile, petroli hakuna na Jumapili mchana magari yamekatazwa kutembea, niliona chura huyo anahangaika bure.

Ya nne ilikuwa vifaru. Kimoja chekundu, kimoja cha buluu, kwenye uwanja wenye kuta. Risasi ikigonga ukuta inarudi na kwenda upande mwingine, kwa hiyo unaweza kumpiga mtu aliyejificha nyuma ya pembe kama ukijua kupanga. Na ukimpiga, kifaru chake kinazunguka zunguka kama kuku aliyechinjwa, anapoteza akili kwa muda, wewe unasogea. Mara ya kwanza kuona kile kizunguzungu nilihisi raha mpaka kwenye nyayo.

Niliuona kwa sababu mke wa yule Mwarabu aliniita nimshonee mapazia. Vijana walikuwa wanajaa sebuleni kila baada ya alasiri, naye alitaka pazia zito kati ya sebule na vyumba vya ndani, ili aweze kupita bila kutazamwa. Nilifika baada ya adhuhuri kuchukua vipimo, mume yuko dukani, watoto wako chuoni wanasoma Kurani. Nikamkuta ameketi chini, miguu ameikunja, buibui amelitupa kitini, kijiti mkononi, macho hayapepesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Funga mlango, mwanangu, na usimwambie mtu."

Alikuwa na mashine ile peke yake kila siku, tangu wanaume wanapotoka mpaka wanaporudi. Hakuna mtu Tabora aliyekuwa amecheza saa nyingi kuliko yeye, na hakuna aliyejua. Nilishona mapazia yale polepole kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona. Kila mchana tulicheza. Mwanzoni alinipiga mpaka nikawa naona vifaru ninapofumba macho. Nilipomweleza kwa nini nataka kujua, kete na kuku na ndimu, hakunionea huruma wala hakunishauri nisamehe. Aliuliza tu huyo kijana ni yupi, nikamwambia, akatikisa kichwa.

"Yule mrefu anayejiita bingwa? Vizuri. Sikiliza basi. Usikitazame kifaru chako. Chako unakijua kilipo. Mtazame yeye."

Mtani ndiye aliyekuwa bingwa wa sebule ile, kweli. Nilipomaliza pazia niliacha upenyo wa kidole kwenye mshono, na jioni nikawa nasimama nyuma yake na mama yule, tunachungulia kwa zamu. Nilimsoma mtani kama watu wanavyosoma dua. Kabla ya kufyatua hutoa ncha ya ulimi pembeni mwa mdomo. Akipigwa hukimbilia kona ya kushoto chini, kila mara, bila kufikiri. Akiongoza huanza kuongea na watu. Nikamwambia mama yule kuhusu ulimi, akanibana mkono gizani kwa furaha.

Nilimwita siku alipopita barazani kwa baba, kukiwa na wateja.

"Mtani, nasikia wewe ni bingwa wa vifaru. Njoo na kete za bibi, mimi nitakuja na mikono yangu."

Baba alisimamisha cherehani. Msichana kwenda kukaa na vijana sebuleni halikuwa jambo la kawaida, lakini hili lilikuwa limeshakuwa la utani, na mwenye nyumba ni jirani.

"Na nikikushinda?" mtani akauliza.

"Nitakupikia kuku mwingine. Safari hii nitaweka ndimu."

Waliocheka walikuwa wengi, na kwa mara ya kwanza walikuwa wanacheka upande wangu.

Siku hiyo sebule ilijaa hadi madirishani. Balozi wa nyumba kumi alikuja, akasema anasimamia usalama, akakaa kiti cha mbele. Mtani aliuweka mfuko wa bibi juu ya televisheni ili kila mtu auone, akachagua chekundu. Nilichukua cha buluu. Alianza kwa kunipiga na kugeuka kuwakonyeza wenzake, na alipogeuka nilimpiga. Akakimbilia kona yake. Nilikuwa nimeshatuma risasi ukutani kabla hajafika, ikamkuta anaingia. Kizunguzungu. Akatoka, ulimi ukachungulia, nikasogea, risasi yake ikapita, yangu haikupita. Sikumtazama usoni hata mara moja. Nilimtazama kwenye kioo, nikimpiga kwa ajili ya kanga ya bibi, kwa ajili ya ugoro, kwa ajili ya chumvi aliyoisifia. Watu wakaacha kushangilia, wakawa wanaguna kila anapopigwa, kama wanaotazama mtu anayechapwa na mzazi wake.

Umeme ukakatika. Kioo kikafifia mpaka kikabaki kitone kimoja.

"Sare," mtani akasema upesi. "Mchezo haukwisha."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Sare ya wapi? Umepigwa mpaka mwenyewe huwezi kuhesabu, na kila ukipigwa unakimbilia kona ya kushoto kama panya mwenye tundu moja. Mpe mtoto wa watu mali yake."

Vijana walitazamana. Kisha wakaangua kicheko ambacho kilisikika mpaka sokoni, na mtani, masikio yamemwiva, akaushusha mfuko akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilitembea nao barabarani bila kuufungua. Nilitaka niufungue nyumbani, mbele ya mama, penye mashimo ya bibi. Mama akaketi, baba akatoka barazani, wadogo zangu wakazunguka. Nikafungua fundo. Ndani kulikuwa na vizibo vya soda.

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Mama naye. Na mlangoni, mtani alikuwa ameshafika na kundi zima nyuma yake, wakisubiri kuuona uso wangu.

"Mtani," akasema, "ulidhani mali ya pwani inarudishwa na vifaru vya kwenye kioo?"

Sikukasirika. Nilitabasamu mpaka taya zikaniuma, nikawakaribisha maji. Wakaondoka wakisifu kwamba nimekomaa. Vile vizibo nilivirudisha mfukoni, nikafunga fundo, nikaviweka chini ya godoro langu.

Baba yake mtani aliugua kiangazi kilichofuata. Alirudi na treni ya Kigoma akiwa amelazwa kwenye behewa la gadi, hospitali akakaa siku chache, akafariki. Habari ilinikuta natia uzi kwenye sindano. Nilisikitika, maana alikuwa mtu mpole, na aliwahi kunishikia treni nilipochelewa na kapu la mama. Na wakati huo huo, nasema ilivyokuwa, nilijua zamu yangu imefika.

Tulikwenda kina mama wote wa mtaa. Mjane alitupokea uwanjani kwenye kota. "Karibuni, watani," akasema, na kwa namna alivyosema nilielewa kwamba alikuwa akitungoja. Wakati jeneza bado liko ndani niliomba kofia ya marehemu. Nikaivaa, nikatoka uwanjani nikitembea kama yeye, goti la kulia haliko sawa, tumbo mbele. Tabora nzima ilimjua gadi yule kwa saa yake. Treni inaweza kuwa imechelewa tangu jana yake, lakini yeye ataitoa saa mfukoni, ataitazama kwa makini kabisa, ataitikisa, ataiweka sikioni, kisha atawageukia abiria kwa hasira kana kwamba wao ndio waliochelewa. Nilifanya yote hayo. Nikamfukuza abiria wa kufikirika mwenye jogoo, kisha nikamrudisha abiria ndani, jogoo nikabaki naye. Wafanyakazi wa reli walikaa chini kwa kicheko. Mjane alijifunika uso kwa kanga, akicheka na kulia, hakuna aliyeweza kusema lipi ni lipi.

Mtani hakucheka. Alisimama penye nguzo ya turubai, mikono imening'inia, ananitazama. Nilimwona vizuri. Ndicho nilichokwenda kukitafuta, na nilikipata.

Filimbi ya gadi ilikuwa imetundikwa msumarini mlangoni. Nikaichukua.

"Reli hii imelazwa juu ya njia ya babu zetu," nikasema kwa sauti ya kufika pembeni. "Walipita hapa kwa miguu na mizigo kichwani kabla baba yako hajapewa kofia. Filimbi inarudi kwa wenyewe."

Wazee wa Kizaramo walipiga makofi, wakasema huyu ni mtani kweli. Yeye akapiga hatua mbili kuja kwangu. Kila mtu akangoja kuona kama atalipa kuku. Akasimama. Akarudi penye nguzo yake, akaketi chini. Hapo alinizidi, maana mimi zamu yangu nilishindwa kukaa.

Nyumba za reli ni za reli. Baada ya arobaini walitakiwa waipishe familia nyingine, na mjane akaamua warudi kwao pwani. Mtani alikuja barazani siku moja kabla ya safari. Baba alikuwa amekwenda kuswali. Sikuwa nimewahi kumwona akisimama kwetu bila maneno.

"Nataka filimbi ya baba," akasema. "Nitakupa kete za bibi, zote. Tafadhali."

Hilo neno la mwisho sikulizoea kutoka kwake. Nikamwambia tuonane stesheni.

Usiku huo haukunisumbua, nililala vizuri. Alfajiri nilichukua kipande cha kaki kilichobaki kwenye suruali ya mteja, nikashona kifuko kidogo. Nilikipiga mshono mara mbili kwa cherehani ya baba, mdomo wake pia, kikawa hakifunguki mpaka upate wembe.

Stesheni ilikuwa imejaa, madebe ya asali, magunia ya karanga, watoto wamefungwa kamba mkononi wasipotee. Mama yake alikuwa ameshaketi, akanipungia mkono kwa upendo. Mtani alikuwa dirishani, daraja la tatu. Akanipa kwanza mfuko aliokuja nao. Niliufungua pale pale, watu wananipita, nikaingiza mkono. Zilikuwa baridi. Nilitafuta kwa vidole mpaka nikaipata yenye ufa. Zilikuwa za bibi, za kweli, wala hakuna alichopunguza.

Nikampa kifuko cha kaki. Akakibonyeza, kikalia chuma kwa chuma.

"Mbona umekishona?"

"Isipotee njiani."

Akakitia ndani ya shati, upande wa kifuani, akafunga kifungo juu yake. Gadi mpya akapuliza filimbi yake huko nyuma, na sote wawili tuligeuka kutazama. Treni ikavuta. Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaniita mtani, akasema nikija pwani atanipikia kuku. Nilimpungia mkono mpaka behewa la mwisho likapinda. Filimbi ya baba yake ilikuwa ndani ya blauzi yangu, na ndani ya shati lake kulikuwa na vizibo vya soda, vile vile vyake.

Nilikwenda nyumbani nikicheka peke yangu. Nilikadiria atapata wembe kufikia stesheni ya Igalula, au Malongwe akichelewa. Niliiona sura yake. Nilianza siku hiyo hiyo kutunga majibu, kwa sababu mtani aliyechezewa lazima arudi, hiyo ndiyo kanuni yenyewe. Angetuma mtu na mzigo wa kunitia aibu. Angetokea kwenye harusi yangu amevaa shela. Niliolewa, nikatazama mlangoni mpaka pilau ikaisha. Baba alipokufa, kisha mama, nilikaa kwenye mkeka nikisikiliza nani anaingia. Kila Mzaramo aliyehamishiwa Tabora nilimwuliza. Mmoja alisikia anaendesha malori. Wengine hawakumjua.

Watu ninaowasimulia hungoja niseme najuta. Sijutii. Alikula kuku wangu kwenye msiba wangu na akaulizia ndimu. Kinachonikera ni huu ukimya. Mtani hana ruhusa ya kununa, na kwa hesabu yangu sasa anadaiwa banda zima la kuku.

Mashine ya wajukuu inaweza kukuunganisha na watu wa mbali usiowajua, kila mmoja na kijiti chake. Hujiandikisha jioni, nachagua kifaru cha buluu. Wengi ni watoto, nawapiga na kuwaacha. Lakini mara moja moja nakutana na kifaru ambacho kikipigwa tu kinakimbilia kona ya kushoto, chini. Basi naacha kufyatua. Nasogea taratibu mpaka karibu yake, nasimama wazi kabisa mbele ya mzinga wake, na kwenye kile kisanduku cha maneno naandika: Mtani? Mjukuu anauliza kwa nini najiachia nipigwe. Mpaka sasa wote wamenijibu kwa lugha nisizozijua. Filimbi iko kwenye kopo la vifungo, naifuta isishike kutu. Zamu ni yake.